Taa wa madoa ya buluu na mgunga: jinsi ya kulinganisha viumbe viwili vyenye miiba

Kazi ya kulinganisha mnyama na mmea ikitolewa darasani, madaftari mengi hurudi na jedwali la namna moja: samaki anaogelea, mti hauogelei, mti una majani, samaki hana. Hakuna kosa humo, wala hakuna cha kujifunza. Hapa tunaonyesha njia nyingine, kwa kutumia aina mbili zinazopatikana Afrika Mashariki: taa wa madoa ya buluu (Taeniura lymma) na mgunga wenye maganda yaliyojisokota (Vachellia tortilis). Mmoja anaishi kwenye miamba ya matumbawe, mwingine nyika kavu. Wote wawili wanachoma.

Mahitaji: matawi makavu mawili au matatu ya mgunga, mwiba mmoja au miwili ya taa, lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, rula au kalipa (kifaa cha kupimia urefu na unene kwa usahihi), mizani ya springi ya maabara, kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa sentimita 10, siki nyeupe, koleo, glavu nene na miwani ya kukinga macho.

Taja aina, si kundi

Ukiandika "taa" peke yake, umekusanya samaki wengi bapa, wakubwa na wadogo, wenye mwiba na wasio nao. Ukiandika "mgunga" peke yake, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu karibu kila mti wa nyika wenye miiba na majani madogo umewahi kuitwa hivyo. Ulinganisho wa kundi na kundi hauna kipimo kinachoshikika, maana kila tarakimu utakayoandika itapingwa na mwanakundi mwingine.

Kwa hiyo andika majina kamili ya kisayansi, na uyaandike sawasawa, kwani wanazoolojia na wanabotania hawafuati kanuni moja:

Taeniura lymma (Forsskål, 1775)
Vachellia tortilis (Forssk.) Galasso & Banfi

Forsskål wa juu na Forssk. wa chini ni mtu yule yule. Peter Forsskål alikuwa mwanafunzi wa Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi tunayotumia, na alikwenda Misri na Yemen pamoja na msafara wa Denmark ulioondoka mwaka 1761. Alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake wa safarini. Taa alimwita Raja lymma, na mti akauita Mimosa tortilis. Mabano yanamwambia msomaji kwamba jina la jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, limebadilika tangu hapo. Wanazoolojia huweka mwaka na kumwacha aliyehamisha jina. Wanabotania hufupisha jina la mwandishi wa kwanza, huongeza waliohamisha, na kwa kawaida hawaweki mwaka. Wanafunzi hukosea sana hapa, hasa wanaponakili mtindo mmoja kwa majina yote mawili.

Vitabu vingi vya misitu vitakupa Acacia tortilis. Ni mti huo huo. Kongamano la wanabotania la Vienna mwaka 2005 liliamua jina Acacia libaki na kundi kubwa la Australia, na Melbourne mwaka 2011 uamuzi huo haukutenguliwa. Migunga ya Afrika ikagawanywa, mingi ikaingia Vachellia na Senegalia. Wengi hapa kwetu bado wananung'unika, na wana haki yao, lakini andika jina jipya na uweke la zamani pembeni.

Hakikisha unaye huyo unayemtaja

Taeniura lymma ana mwili wa duara dufu, rangi ya mchanga inayoelekea manjano au kahawia, madoa ya buluu yanayong'aa mgongoni, na mistari miwili ya buluu inayofuata mkia kila upande. Upana wa mwili hufika sentimita 35 hivi. Anayechanganywa naye ni taa wa jenasi ya Neotrygon, ambaye naye ana madoa ya buluu. Tazama mkia na uso: Neotrygon ana mkia wenye pete nyeusi na nyeupe, na utepe mweusi unaopita machoni kama barakoa. Ukiona pete mkiani, huyo siye.

Kwa mgunga, usihangaike na umbo la mwavuli. Linapendeza kwenye picha, lakini miti mingine ina umbo hilo, na mgunga mchanga au uliokatwakatwa hauna. Tazama vifundo vya tawi. Vachellia tortilis ina miiba ya aina mbili kwenye tawi moja: mirefu, myeupe na iliyonyooka, inayoweza kufika sentimita 8 hadi 10, na mifupi iliyopinda kama ndoana, isiyozidi milimita 5 hivi. Yote huota miwili miwili. Kikwata (Senegalia mellifera) ana ndoana tupu. Senegalia senegal huwa na ndoana tatu kwa kila kifundo. Mgunga wa magome ya manjano unaoota kandokando ya maji, Vachellia xanthophloea, una miiba iliyonyooka tu. Ukipata na ganda lililojisokota kama springi, utambuzi umekamilika.

Wamasai huuita oltepesi, Wasomali qurac, na huko Oman ni samr. Ukiuliza njia kijijini, majina hayo yatakufikisha haraka kuliko Kilatini.

Chagua swali ambalo pande zote mbili zinalijibu

Kanuni yetu ni moja: mstari wa jedwali usiingie ikiwa upande mmoja jibu lake ni "hana". "Mapezi: anayo / hana" ni mstari uliokufa. Badala ya kuuliza kiungo, uliza tatizo. Kila kiumbe kina adui, hupoteza maji, huzaa. Hapo taa na mgunga wote wana la kusema, na majibu yao yanapishana kwa namna inayofundisha. Maswali matatu yanatosha. Kumi yanamchosha mwandishi na msomaji.

Swali la kwanza: anajilindaje?

Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine.

Kupata vielelezo. Matawi ya mgunga yaokote chini, kwenye ardhi ya mtu aliyekuruhusu, si ndani ya hifadhi ya taifa. Mwiba wa taa uombe kwenye diko au soko la samaki mapema asubuhi. Wavuvi wengi huuvunja au hukata mkia mara tu samaki anapopanda chomboni, kwa hiyo agiza siku moja kabla. Usichukue kitu chochote kwenye hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi au Mafia.

Kuutayarisha mwiba. Taa aliyekufa bado ana sumu, na barafu haiiondoi. Shika mkia kwa koleo, vaa glavu, kisha chemsha kipande chenye mwiba kwa dakika 30. Joto huharibu sumu, ambayo ni protini, na pia hulegeza ngozi. Ngozi nyembamba inayoufunika mwiba itatoka kwa kusuguliwa na mswaki wa zamani. Fanyia nje, maana harufu yake haisemeki. Ukaushe juani siku mbili.

Kutazama kwa lenzi. Mwiba wa taa ni bapa, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Meno hayo hayatazami mbele. Yanatazama nyuma, kwenye shina la mwiba. Upande wa chini kuna mifereji miwili ya urefu, ambamo tishu ya sumu hukaa chini ya ngozi. Hakuna mrija wala tundu la sindano kama la jino la nyoka: ngozi hupasuka ndani ya jeraha na sumu humwagika humo. Taa huyu huwa na mwiba mmoja au miwili, nayo imekaa mbali kuelekea ncha ya mkia, ndiyo maana anaweza kupiga hata kitu kilicho mbele ya kichwa chake. Anayemshika karibu na kichwa akidhani yuko salama amejidanganya.

Mwiba mrefu wa mgunga ni laini pande zote, umechongoka, hauna meno wala sumu. Kiasili ni stipuli, yaani vile vijani viwili vinavyokaa kwenye shina la jani, vilivyogeuka kuwa mti mgumu. Mwiba wa taa umetokana na ngozi: ni gamba lililokua likawa kisu, na umeundwa kwa dentini, jamii ya kitu kile kile kilicho ndani ya jino lako.

Jaribio la siki. Weka kipande chembamba cha mwiba wa taa kwenye chupa ya siki, na mwiba wa mgunga kwenye chupa nyingine. Badilisha siki kila siku. Siki huyeyusha madini ya kalisi, kwa hiyo mwiba wa taa huanza kulegea kuanzia kingo na meno yake; ukiwa mnene, subiri wiki nzima au zaidi. Wa mgunga hubaki mgumu, kwani ugumu wake unatokana na selulosi na lignini, ambazo siki haina habari nazo. Jaribio likishindikana, mara nyingi ni kwa sababu siki haikubadilishwa ikaisha nguvu, au kipande kilikuwa kinene mno.

Jaribio la sponji. Funga uzi imara kwenye shina la mwiba wa taa. Uchomeke kwenye sponji kina cha sentimita 3, wima. Ning'iniza ndoano ya mizani kwenye uzi, vuta polepole, na uandike namba kubwa kabisa uliyoiona kabla mwiba haujatoka. Rudia mara kumi, kila mara mahali papya, kisha fanya vivyo hivyo kwa mwiba mrefu wa mgunga. Wa mgunga hutoka bila ubishi. Wa taa hung'ang'ania na kutoka na vipande vya sponji. Ukipata namba zinazokaribiana, angalia mambo mawili: umechomeka mahali palepale palipokwisha chanika, au meno ya mwiba yalisagika wakati wa kusugua ngozi.

Sasa chukua kitambaa cha pamba na ukipitishe juu ya tawi lenye ndoana, kwanza kutoka ncha kwenda shinani, kisha kutoka shinani kwenda ncha. Safari ya kwanza kitapita kwa shida kidogo. Ya pili kitanasa, kwa sababu ndoana zimeinamia shinani. Mnyama anayekamata tawi na kuvuta majani kuelekea kwake ndiye anayekutana nazo.

Huu ndio mstari wa maana kuliko yote katika jedwali, na wengi huukosa kwa kuwa wameandika tu "wote wana miiba". Kazi ni mbili: kuingia, na kuzuia kutoka. Mgunga umezigawa kwa miiba tofauti, mirefu ichome na mifupi ishike. Taa ameziweka zote kwenye mwiba mmoja, ncha ichome na meno yashike, akaongeza sumu juu. Na kuna sababu ya tofauti hiyo. Mgunga unaliwa kidogo kidogo na mbuzi, swala na twiga, haufi kwa kupoteza majani machache. Unachohitaji ni kumpunguzia mlaji kasi siku nzima. Taa akikamatwa na papa hana nafasi ya pili, kwa hiyo pigo lake lazima limuumize adui papo hapo.

Ukiwa na muda, pima miiba mirefu 20 kutoka matawi ya chini na 20 kutoka matawi ambayo mbuzi au twiga hawafiki. Baadhi ya migunga ya Kenya imeonyesha kwamba tawi linaloliwa huotesha miiba mirefu zaidi kuliko lililokingwa. Usichanganye tawi kuukuu na chipukizi, maana umri wa tawi nao hubadilisha urefu. Mwiba wa taa haurefuki kwa kuliwa, lakini hubadilishwa: mpya huota kabla au baada ya wa zamani kudondoka, na hapo ndipo unapokuta miwili.

Swali la pili: anazuiaje kukosa maji?

Swali hili huwashangaza wanafunzi, kwa sababu taa yuko ndani ya maji. Lakini maji ya bahari yana chumvi kuliko damu ya samaki wengi, nayo huwavuta maji mwilini. Taa, kama papa, hutunza urea kwenye damu yake mpaka damu iwe nzito sawa na bahari au kuzidi kidogo, hivyo maji hayamtoki. Chumvi ya ziada hutolewa na tezi iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Ushahidi uko sokoni: nyama ya taa iliyolala hutoa harufu kali ya amonia, na hiyo ni urea inayovunjwa na bakteria.

Mgunga hupambana na jua. Mzizi mkuu huenda chini sana, na jani limegawanywa kuwa vijani vidogo vya milimita chache visivyoshika joto jingi. Kwenye jedwali ongeza nitrojeni: taa huiweka kama urea badala ya kuitupa yote, na mgunga huipata hewani kupitia bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Kitu kimoja, matumizi mawili yasiyofanana kabisa.

Swali la tatu: anazaaje?

Taa jike huzaa watoto hai, hadi saba kwa mkupuo, kila mmoja akiwa na upana wa sentimita 13 hivi na madoa yake ya buluu tayari. Hakuna kondo, kiini cha yai kikiisha, mtoto hulishwa ute wenye virutubisho kutoka kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mgunga mmoja humwaga maganda kwa magunia na kuiachia mifugo kazi ya kuyasambaza. Usiandike "mgunga huzaa zaidi" ukaishia hapo. Kusanya mbegu 100 kutoka maganda yaliyoanguka na uhesabu zenye tundu la duara: humo mdudu wa jamii ya fukusi amekwisha kula. Zilizobaki hazioti kwa kumwagiwa maji tu, kwa sababu ganda la mbegu ni gumu. Kwaruza kidogo kwa kikata kucha upande ulio mkabala na kitovu cha mbegu, au zimwagie maji yaliyochemka yakiwa yametolewa motoni na uziache humo saa 24. Zilizovimba panda, ambazo hazikuvimba rudia. Ukizichemsha juu ya moto umezipika.

Kumwona taa akiwa hai

Maji yanapojaa, taa huyu hutoka mapangoni mwa mwamba na kuingia kwenye mchanga wa maji mafupi kutafuta kaa, kamba, konokono na minyoo. Maji yakipwa hurudi mwambani. Kwa hiyo muda mzuri ni maji yanapojaa, mchana, bahari ikiwa shwari. Tembea kwa kuburuta nyayo mchangani, usiinue mguu na kuukanyagisha. Mtikisiko humfanya aondoke mapema, kwani wengi wa wanaochomwa wamemkanyaga. Kiatu cha mpira husaidia kwa mikwaruzo, si kwa mwiba. Nyikani mambo ni hayo hayo: mwiba mrefu wa mgunga hupenya ndala, na hata soli nyembamba ya kiatu.

Ukichomwa

Ulinganisho hapa unaacha kuwa wa darasani, maana matibabu ni tofauti na kuyachanganya kuna madhara.

Mwiba wa taa. Toka majini kwanza. Damu ikitoka nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi. Suuza jeraha, ondoa vipande vinavyoonekana juu juu. Kisha chovya sehemu iliyoumia kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90, mpaka maumivu yapungue. Sehemu moja ya maji yanayochemka kwa sehemu nne za maji ya kawaida ya pwani hutoa takriban nyuzi 42. Mtu mwingine ayapime kwa mkono wake, kwa sababu aliyechomwa, kwa uchungu ule, hawezi kutofautisha moto na kuungua. Ongeza ya moto kila yanapopoa, ukiwa umetoa mguu kwanza. Barafu haifai. Ikiwa mwiba umezama kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe: uimarishe usitikisike na umpeleke mgonjwa hospitali mara moja, maana huenda mwiba wenyewe ndio unaoziba mshipa. Steve Irwin alifariki mwaka 2006 Australia kwa mwiba wa taa wa aina nyingine uliomwingia kifuani. Kupumua kwa shida, kuzimia au kutapika kusikokoma ni sababu ya kukimbilia hospitali hata jeraha likiwa mguuni.

Mwiba wa mgunga. Hauna sumu, kwa hiyo maji ya moto hayana kazi maalumu. Osha kwa sabuni, uchomoe kwa kibano ukifuata mwelekeo ulioingilia, bila kuupinda. Kisha ulinganishe na mwingine wa tawi hilo hilo: ncha ikikosekana, imebaki ndani.

Kwa wote wawili, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Na mweleze daktari ni mwiba gani. Kipande cha mwiba wa taa kina kalisi na mara nyingi huonekana kwenye eksirei. Cha mgunga ni mti, na eksirei huweza kupita bila kukiona. Kinachokitafuta vizuri ni altrasaundi. Mtu akirudishwa nyumbani na picha safi, halafu goti au kifundo cha mguu alichochomwa kikaendelea kuvimba na kukakamaa wiki kadhaa baadaye bila usaha, arudi akataje ule mwiba. Ncha iliyobaki karibu na kiungo hufanya hivyo, na dawa za kuua bakteria peke yake hazitauondoa uvimbe mpaka kipande kitolewe.